Samaki wa Wino

Fulu wa Ziwa Victoria akitolewa majini hudumu na rangi zake kwa dakika chache tu. Dume aliyenaswa akiwa na mgongo mwekundu na ubavu wa manjano huanza kufifia angali anatapatapa wavuni. Akifika kwenye karai la mchuuzi pale bichi ya Dunga, Kisumu, amekwisha kuwa wa kijivu, na akitumbukizwa kwenye fomalini ili apelekwe kwa wataalamu habaki na kitu ila umbo. Kwa zaidi ya nusu karne samaki hao walichorwa wakiwa katika hali hiyo, wamekufa na kuchujuka, na watu waliokuwa maelfu ya kilomita kutoka ziwani. Ajabu ni kwamba michoro hiyo imetufaa kuliko alivyotarajia yeyote kati ya walioichora.

Kwa wengi waliokulia mwambao wa Nyanza, fulu hakuwa samaki wa kuringia. Ni mdogo, ana miiba, na mgeni wa heshima hakuandaliwa fulu, aliandaliwa ngege. Fulu alikuwa wa watoto waliotega ndoana kando ya miamba, na wa nyumba ambayo mwezi umefika kona. Mwanabiolojia humtazama kwa jicho jingine kabisa. Wataalamu wanakadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na spishi 500 hivi za fulu, karibu zote zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Wako waliokula mwani juu ya mawe. Wako waliovunja konokono kwa meno ya kooni. Wako waliokwangua magamba ya samaki wenzao, na wako wezi hasa, wanaomvamia mama aliyebeba mayai na vifaranga kinywani, wakamlazimisha awateme, wakawala.

Ukiwapanga wote hao kwenye sinia utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti imo kwenye jino, kwenye mwinamo wa taya, kwenye upana wa mfupa wa koo. Mambo ya namna hiyo yakielezwa kwa maneno huchosha na kupotosha, na kamera ya zamani haikuweza kuyafikia. Ilibidi yachorwe.

Wa kwanza kuyachora kwa wingi walifanya hivyo London. George Albert Boulenger, mtaalamu wa samaki katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, alitoa kati ya 1909 na 1916 vitabu vinne vya samaki wa maji baridi wa Afrika. Yeye ndiye aliyewapa samaki wawili wa Victoria majina yao ya kisayansi: ningu mwaka wa 1901, na mbiru mwaka wa 1906. Baadhi ya samaki wa Victoria walimfikia kwenye mitungi kutoka kwa Edward Degen, aliyewakusanya ziwani mwaka wa 1905. Michoro ni ya J. Green, ambaye msomaji wa vitabu hivyo humfahamu kwa saini yake ndogo tu. Boulenger akawa jina kubwa la sayansi. Green akabaki herufi chache pembeni mwa mkia wa samaki. Mgawanyo huo wa sifa utajirudia katika habari hii.

Aliyeipeleka kazi hiyo mbali zaidi ni Humphry Greenwood. Alisomea Johannesburg, akafika Jinja mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki. Kuanzia 1956 alichapisha sehemu baada ya sehemu ya uchambuzi wake wa fulu wa Victoria, kazi iliyoendelea hata baada ya kuhamia Makumbusho ya London. Chini ya baadhi ya michoro bora ya miaka hiyo lipo jina la Barbara Williams.

Mchoro wa aina hiyo una sheria zake. Samaki hulazwa akitazama kushoto, ili apate kulinganishwa na wengine wote waliowahi kuchorwa. Urefu wa kichwa, kimo cha mwili na nafasi ya jicho hupimwa kwa bikari, si kwa kukisia. Magamba ya mstari wa ubavuni huhesabiwa moja moja, na idadi iliyo kwenye karatasi iwe ndiyo iliyo kwenye samaki. Kisha yanakuja meno. Taya huwekwa chini ya hadubini, na kioo maalumu kikauangusha mfano wa jino juu ya karatasi ili penseli ifuate. Mwandishi anaweza kusema "meno madogo mengi" akaenda zake. Mchoraji hana njia hiyo ya kutorokea: lazima aamue ni mangapi, yameelekea wapi, yana ncha moja au mbili. Akikwama huenda kumuuliza mwanasayansi, na mara nyingine mwanasayansi hutambua hapo kwamba hata yeye hakuwa ameangalia. Mimi nashikilia kwamba nusu ya utafiti wa fulu ilifanyika katika maswali hayo.

Kasoro ilikuwa moja tu, na ilikuwa kubwa. Fulu wenyewe hawatambuani kwa meno. Jike humchagua dume kwa rangi.

Greenwood na wenzake walilijua hilo, na yeye aliwaona samaki wakiwa hai alipokuwa Jinja. Lakini kazi ya kuwafuata fulu wakiwa na rangi zao, mmoja baada ya mwingine, ilianza kwa dhati upande wa Tanzania. Mwaka wa 1977 timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilipiga kambi Mwanza. Mwaka huohuo Kees Barel na wenziwe walichapisha mwongozo wenye michoro mingi kuwafundisha wengine namna ya kusoma kazi za Greenwood: jinsi ya kupima, jinsi ya kutazama taya, jinsi ya kutofautisha jino na jino. Samaki walioletwa na nyavu walikuwa wengi mno kwa majina yaliyokuwapo, hivyo watafiti wakawapa lakabu za muda za kazini hadi watakapopata nafasi ya kuwaeleza rasmi. Wachache waliwahi kupata majina kamili. Mmoja wao, dume mwenye mgongo mwekundu wa miambani, alipewa mwaka wa 1985 jina la Mwalimu Nyerere.

Wengi hawakuwahi. Mbuta, samaki mkubwa mla samaki wenzake, alikuwa ameletwa kutoka maziwa mengine katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitulia kwa muda, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka, na Ghuba ya Nyanza, hapa kwetu, ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonja mlipuko huo. Upimaji wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 80 hivi ya uzito wa samaki wa vilindini walikuwa fulu. Katikati ya miaka ya 1980 hawakufika hata asilimia moja. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilitoweka. Kisumu ilipata viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Nyumba ambayo zamani ilikula fulu ikaanza kununua mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyosazwa na viwanda. Tijs Goldschmidt, mmoja wa Waholanzi wale wa Mwanza, aliandika kitabu juu ya msiba huo mwaka wa 1994, na sijui kitabu kingine cha sayansi ya ziwa letu chenye uchungu na ucheshi kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo wapo fulu ambao leo ni wino na mtungi basi. Aliyechorwa tunaweza kueleza alikula nini na kwa meno ya namna gani. Aliyebaki na lakabu ya kazini tu ameondoka bila hata sura.

Kisha ikaja habari ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kuwashtua wachoraji zaidi ya wavuvi. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba hata pale ambapo mbuta hakuwamaliza, fulu walikuwa wakipungua kwa sababu nyingine. Maji yalikuwa yamechafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani na majitaka ya miji, mwani ukastawi, mwanga ukafifia. Ndani ya maji ya tope jike hawezi kumtofautisha dume mwekundu na dume wa buluu. Huchanganya, na baada ya vizazi kadhaa spishi mbili zilizokuwa jirani bila kuingiliana huwa kitu kimoja cha rangi ya vumbi. Fomalini iliwapokonya rangi samaki waliokufa. Sasa ziwa lenyewe linawapokonya walio hai.

Nimeitaja Kisumu, lakini msomaji wa huku anaweza kulalamika kwamba nimemtembeza London, Jinja na Mwanza. Turudi nyumbani basi, tumkute ofisa wa samaki mwenye kisa ambacho filamu ingepaswa kuwa imekwisha kukichukua.

Peter Whitehead alizaliwa mwaka wa 1930 na katika miaka ya 1950 alikuwa mtafiti wa uvuvi nchini Kenya. Wakati wenzake wengi walikuwa wakiangalia ziwa, yeye aliangalia mito. Mwaka wa 1958 aliandika juu ya mbinu za asili za uvuvi wa mtoni, na mwaka uliofuata juu ya uvuvi wa mito ya Nyanza na juu ya samaki wanaopanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga mayai mvua zinapoanza, ningu akiwa mmoja wao. Wavuvi wa Nzoia na mito mingine walikuwa wakiwangoja kwa kek, uzio wa miti na fito uliokatiza mto na kuacha matundu ya mitego. Mitego ya namna hiyo huoza ikiachwa msimu mmoja, na ujuzi wake hukaa mikononi mwa wazee. Kwamba ofisa wa serikali ya kikoloni aliona inafaa kuandikwa kwa makini ni jambo la kuheshimiwa, maana wakati huo maofisa wengi waliiona kama usumbufu wa kupigwa marufuku.

Whitehead alihamia Makumbusho ya London mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawa bingwa wa jamii ya dagaa na heringi duniani. Orodha kubwa aliyoitayarishia FAO miaka ya 1980 ingali inatumika. Lakini ugonjwa wake ulikuwa michoro ya zamani. Mwaka wa 1968 alitoa kitabu cha michoro arobaini ya samaki iliyofanywa na wachoraji waliosafiri na Kapteni Cook katika Pasifiki. Hakuitazama kama mapambo. Spishi nyingi zilikuwa zimepewa majina kwa kutegemea mchoro tu, sampuli yenyewe ikiwa imepotea au haikuwahi kuhifadhiwa, kwa hiyo mwenye kutaka kujua jina ni la samaki yupi alilazimika kuutafuta mchoro asilia.

Msako huo ulimfikisha Brazili ya karne ya 17, bila ya yeye kuondoka Ulaya. Gavana Johan Maurits, aliyeitawala sehemu ya Brazili kwa niaba ya Waholanzi kuanzia 1637 hadi 1644, alikuwa amechukua wasomi na wachoraji, wakachora samaki, ndege, miti na watu. Juu ya kazi yao, na ya Georg Marcgraf hasa, ndipo kilipojengwa kitabu kikuu cha viumbe vya Brazili cha mwaka wa 1648. Michoro asilia ilikuwa katika maktaba mjini Berlin hadi Vita vya Pili vya Dunia. Maktaba ikahamisha makasha yake kukwepa mabomu, yakafichwa katika nyumba ya watawa huko Silesia, vita vikaisha, eneo hilo likawa la Poland, na makasha yakanyamaziwa kwa miaka thelathini.

Mtu wa samaki hakunyamaza. Aliandika barua, akauliza, akarudi tena kuuliza, hadi njia ikaishia kwenye Maktaba ya Jagiellonia mjini Kraków. Michoro ya Brazili ilikuwa huko. Na pamoja nayo, katika shehena ileile, ulikuwapo muziki ulioandikwa kwa mkono wa Mozart, wa Bach, wa Beethoven, ambao wanamuziki wa dunia nzima walikuwa wakiulilia. Whitehead alichapisha habari hiyo mwaka wa 1976, katika jarida la wakutubi wa muziki. Mwaka uliofuata Poland ilikabidhi Ujerumani Mashariki baadhi ya hati hizo, zikiwamo kurasa za Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Mtu aliyejifunza subira kwa samaki wa mito yetu ndiye aliyewaonyesha wapenzi wa Beethoven hazina yao ilikolala, na alichokuwa akitafuta yeye ni samaki wa wino.

Upande wa pili wa ghuba, kule Homa Bay, iko hadithi ya penseli ambayo ni maarufu zaidi, ingawa husimuliwa penseli ikiwa imeachwa nje. Mwanaakiolojia Mary Leakey anakumbukwa kwa Olduvai na kwa nyayo za Laetoli. Alianza kama mchoraji. Baba yake, Erskine Nicol, alichora mandhari kwa rangi, na utotoni alimpitisha bintiye kwenye mapango ya Ufaransa yenye michoro ya kale. Shule hazikumweza: alifukuzwa katika mbili za watawa, na kufukuzwa kwa pili kulihusu mlipuko katika maabara. Mkono wake ulikuwa ndicho cheti chake. Alimchorea mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson zana za mawe za Misri, na kwa kupitia kwake mwaka wa 1933 akakutana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumchorea kitabu chake cha asili ya binadamu. Kitabu kilitoka 1934 na michoro ya Mary. Wakaoana 1936.

Louis alihitaji mchoraji kuliko alivyojua. Mwaka wa 1932, huko Kanam kwenye rasi ya Homa, mfanyakazi wake Juma Gitau alikuwa ametoa ardhini kipande cha taya, na jirani yake, Kanjera, vikapatikana vipande vya mafuvu. Louis akayatangaza mabaki hayo kuwa ya kale mno. Mwaka wa 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akafunga safari kuja kuyathibitisha, na Louis hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyokuwa amepigilia kama alama vilikwisha kung'olewa na wenyeji, ambao kwao chuma kilikuwa na kazi za maana zaidi. Mvua zilikuwa zimelikata korongo upya. Picha alizopiga mwenyewe hazikufaa, na ile aliyoichapisha ikabainika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell akaenda kuandika hayo yote katika jarida la Nature. Ramani moja ya penseli, iliyopimwa vizuri siku ileile, ingemwokoa. Mary alifika Afrika Mashariki miezi michache baada ya fedheha hiyo, na kuanzia hapo machimbo ya akina Leakey yalianza kuchorwa tabaka kwa tabaka.

Tarehe 2 Oktoba 1948, kisiwani Rusinga, Mary aliona jino limechomoza kwenye mteremko. Nyuma yake palikuwa na uso: sehemu kubwa ya fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia, wa miaka milioni 18 hivi, likiwa limevunjikavunjika. Aliyeviunganisha vipande ni yeye, na hapa ndipo kazi ya mchoraji inapoonekana bila ya karatasi: kukaa na vipande visivyo na maana, kuvigeuza, na kukumbuka kwamba ukingo huu ulionekana jana kwenye kipande kingine. Kisha akalibeba fuvu mwenyewe kwa ndege hadi Uingereza, kwa Profesa Le Gros Clark wa Oxford.

Fuvu hilo lina somo jingine la majina. Kwa miaka mingi liliwekwa chini ya Proconsul, jina ambalo Arthur Hopwood alilibuni mwaka wa 1933 kutokana na visukuku vya Koru, hapo juu ya Muhoroni, akimtania sokwe wa maonyesho wa London aliyeitwa Consul. Mwaka wa 1993 wataalamu waliitenga spishi ya Rusinga wakaiita kwa jina la Heslon Mukiri, mchimbaji aliyefanya kazi na akina Leakey kwa miongo mingi na ambaye macho yake yaligundua mengi yaliyoandikiwa wengine. Na mwaka wa 2015 jenasi nayo ikabadilishwa: sasa ni Ekembo, kwa lugha ya Wasuba. Ekembo heseloni. Katika jina hilo hakuna tena mzungu wala sokwe wa sarakasi, na sioni aibu kusema kwamba linanifurahisha.

Wapo waliokuwa mchoraji na mwanasayansi katika ngozi moja. Harry Johnston, aliyeiongoza Uganda kati ya 1899 na 1901 wakati Kisumu ingali sehemu ya Uganda, alichora wanyama na ndege kwa rangi, na picha yake mashuhuri ya okapi aliifanya bila kumwona okapi hai hata mara moja, kwa kutegemea ngozi na fuvu alivyoletewa kutoka Kongo. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora wa mwaka wa 1935, alifundisha sanaa Makerere na kuanzia 1971 akatoa juzuu saba za mamalia wa Afrika Mashariki, akiwachora wakiwa na ngozi, bila ngozi, na misuli ikiwa wazi. Kwa Kingdon kuchora ni kuuliza. Ukifungua ukurasa wake wa nzohe, swala yule wa majimaji anayeishi kwenye mafunjo ya ziwa letu, na kuona kwato zake ndefu zilivyotanuka, huhitaji tena aya ya kukueleza kwa nini hazami.

Mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, ndiyo mahali ambapo mwananchi wa kawaida wa Kisumu anaweza kuiona faida ya mchoro kwa macho yake. Nenda Dunga alfajiri na mmoja wa vijana wanaoongoza wageni kwa mashua. Humo ndani mna ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo, na anayesakwa zaidi ni gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Tatizo ni kwamba yuko binamu yake, mwekundu kifuani vilevile na mweusi mgongoni vilevile, ila utosi wake mweusi, naye hupenda vichaka vya jirani. Kamera itakupa bua la togo mbele na nusu ya mkia nyuma. Kitabu cha ndege kinakupa wote wawili wamekaa ubavu kwa ubavu, mkao mmoja, mwanga mmoja, ili jicho liende moja kwa moja kwenye utosi. Ndege huyo wa kwenye ukurasa hakuwahi kuwapo. Ametungwa kutokana na ngozi zilizohifadhiwa kwenye makumbusho na miaka ya kukaa porini, akaondolewa kivuli na unyoya uliokatika, akabaki na yale yanayomtambulisha.

Viko vitabu viwili ambavyo watazamaji ndege wa huku huvigombea. Cha mwaka wa 1996 kinaongozwa na Dale Zimmerman, mwanabiolojia aliyechora mwenyewe sehemu ya picha zake. Cha 2002 ni cha Terry Stevenson na John Fanshawe, na picha ni za Brian Small, John Gale na Norman Arlott. Jambo moja dogo lakini zuri: majina ya wachoraji hao hayakufichwa kama ya Green. Tumepiga hatua. Hatua ambayo hatujapiga ni kuwa na jina la mtu wa Kisumu, wa Siaya au wa Homa Bay kwenye majalada kama hayo.

Na si kwa kukosa mikono. Mashua za mwambao huu zimepakwa rangi na maandishi hadi kwenye mikuku. Matatu za Kondele zina nyuso zilizochorwa kwa ustadi ambao shule nyingi za sanaa zingejivunia. Wachoraji wa kwanza tunaowajua wa ziwa hili nao walikuwa wenyeji. Kwenye miamba ya kisiwa cha Mfangano, huko Mawanga na Kwitone, yapo maduara ndani ya maduara, mekundu na meupe, yanayonasibishwa na Batwa walioishi hapa kabla ya Wasuba, na Wasuba waliokuja baadaye waliyahusisha na mvua. Hakuna samaki hata mmoja. Wasanii waliozungukwa na ziwa walichagua kuchora kitu kinachotoka juu. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi bila kulimaliza.

Kinachokosekana ni daraja kati ya mkono na sampuli. Kisumu ina kituo cha taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI. Ina jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1980, lenye samaki hai wa ziwa kwenye vioo. Mtafiti yupo, samaki yupo, fundi wa rangi yupo umbali wa safari ya bodaboda. Sijaona sababu ya maana ya watatu hao kuendelea kutokutana, isipokuwa kwamba bajeti ya utafiti hujua kununua hadubini na haijui kumwajiri mchoraji.

Mahali pa kuanzia papo. Ziwa Kanyaboli, katika bwawa la Yala, Siaya, limetengwa na Victoria kwa mafunjo, na mbuta hakuingia. Ngege wa asili, ambaye Michael Graham alimpa mwaka wa 1928 jina la kisayansi lenye maana ya anayelika, na ambaye karibu atoweke kwenye ziwa kuu, bado anaogelea Kanyaboli. Wapo na fulu. Mmoja alielezwa na Greenwood mwaka wa 1966 kama mla mimea. Leo hufugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani, ambako wafugaji humwita fulu wa Krismasi, kwa wekundu na ukijani wa dume. Wavuvi wa Kanyaboli humkaanga.

Anayetaka kumchora huyo afike kabla nyavu hazijatolewa. Awe na chombo chembamba cha kioo, upana wake usizidi sana unene wa samaki, na maji safi aliyokuja nayo, kwa sababu ya ziwani yana tope. Samaki anaingizwa akiwa hai, kipande kingine cha kioo kinamsogeza taratibu hadi atulie akitazama kushoto, mapezi yakiwa yamefunguka. Rangi za maji ziwe zimekwisha kuchanganywa. Aanze na pezi la mgongoni na yale madoa ya pezi la mkunduni, maana hayo ndiyo hutangulia kufifia, kisha ubavu, kisha kichwa. Magamba na meno yanaweza kungoja hadi mchana.